Mizani ya Washambuliaji Wawili

Watu hupenda kuuliza nani mkubwa kati ya wawili, wala hawapendi kuulizwa ukubwa wenyewe hupimwa kwa kitu gani. Swali la kwanza hujibiwa upesi barazani. La pili huwalemea hata wenye elimu. Mimi nimelikuta swali hili la pili mahali ambapo pengine halikutazamiwa, yaani katika mchezo wa magongo juu ya barafu, na katika habari za wachezaji wawili wa Kanada, Mark Messier na Cam Neely. Niseme mapema kwamba moyo wangu u upande wa Neely. Lakini moyo ni shahidi, si kadhi, na shahidi hana ruhusa ya kukata hukumu.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, kila upande huwa na watu sita juu ya barafu, mmoja wao akiwa mlinda lango. Huvaa viatu vyenye makali ya chuma, na kwa magongo husukuma kisahani kidogo cha mpira mgumu. Kumsukuma mwenzio kwa bega ni halali ikiwa ndicho anacho. Mshambuliaji wa nguvu ni yule aliyejaliwa vitu viwili ambavyo aghalabu havikai pamoja: ubavu wa kupasua njia katikati ya walinzi, na mkono mwepesi wa kufunga bao akiisha kuipasua. Michezo ya ligi ikiisha huja ya mtoano. Timu mbili hupambana mpaka moja ishinde mara nne, na itakayolichukua Kombe la Stanley yapasa iwatoe wapinzani wanne kwa kufuatana. Ni miezi miwili ya maumivu, na humo ndimo jina la mchezaji hukua au husinyaa.

Messier alizaliwa Edmonton mwaka 1961, akaichezea timu ya mji huo, Oilers. Mwaka 1984 timu yake ilikutana katika fainali na Islanders wa New York, waliokuwa wamelichukua Kombe miaka minne mfululizo. Katika mchezo wa tatu Oilers walikuwa nyuma kwa mabao mawili kwa moja. Messier akakichukua kisahani, akamkabili mlinzi peke yake, akafunga. Na tangu dakika ile mambo yakageuka, wakashinda saba kwa mawili. Kombe likawa lao, naye akapewa tuzo ya Conn Smythe, ambayo ni ya mchezaji aliyefaa kuliko wote katika mtoano. Makombe mengine yakafuata mwaka 1985, 1987, 1988 na 1990, na la sita alilipata mwaka 1994 akiwa na Rangers wa New York.

Neely alizaliwa mwaka 1965 Comox, katika jimbo la British Columbia, akaanza kazi Vancouver, jimboni mwake. Huko hakuthaminiwa sana, na mwaka 1986 alipelekwa Boston kwa kubadilishana na mchezaji mwingine. Methali yetu husema mcheza kwao hutunzwa. Lakini huyu kwao hakutunzwa, akatunzwa ugenini. Mwaka 1988 alikuwamo katika timu ya Boston iliyowatoa Montreal katika mtoano, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1943. Mwaka 1991 alifunga mabao 16 katika michezo 19 ya mtoano. Lakini katika mfululizo wa mwaka huo dhidi ya Pittsburgh aligongana na mlinzi Ulf Samuelsson, akaumia goti na paja. Msuli wa paja ukaanza kugeuka mfupa. Misimu miwili iliyofuata alicheza michezo 22 tu ya ligi. Alirudi msimu wa 1993 hadi 1994, akafunga mabao 50 katika michezo yake 44 ya kwanza, kisha akaumia tena kabla ya mtoano kuanza. Mwaka 1996, akiwa na miaka 31, nyonga ilimlazimisha kustaafu.

Wawili hawa walikutana katika fainali mara mbili. Mwaka 1988 Edmonton walishinda bila kupoteza hata mchezo mmoja, ingawa mchezo wa nne ulikatizwa Boston taa zilipozimika, timu zikiwa sare kwa mabao matatu. Mwaka 1990 mchezo wa kwanza uliingia hata muda wa nyongeza wa tatu ndipo Petr Klima akaumaliza, na Edmonton wakalitwaa Kombe kwa michezo minne kwa mmoja.

Rafiki yangu mmoja, mwanafunzi wa hesabu, huniambia kwamba jambo limekwisha: makombe sita kwa sifuri. Hesabu yake ni sahihi, lakini hoja yake haitoshi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Makombe manne ya kwanza Messier aliyapata pamoja na Wayne Gretzky, na bingwa wa namna hiyo haazimwi kila timu. Tukiacha makombe tukatazama mabao, mizani huinama upande wa pili: Neely alifunga 57 katika michezo 93 ya mtoano, yaani mabao matatu kwa kila michezo mitano. Messier alifunga 109 katika michezo 236, ambayo hayafikii bao moja kwa kila michezo miwili. Lakini Messier alitoa pasi za mabao 186, na Neely 32. Tukijumlisha mabao na pasi, Messier ana 295, yaani tano kwa kila michezo minne, na Neely ana 89, pungufu kidogo ya moja kwa kila mchezo. Basi kwa kufunga Neely ni mbele. Kwa kazi yote Messier ni mbele.

Hata hivyo sikati hukumu kwa hesabu hiyo peke yake. Naikata kwa saa ya dhiki. Gretzky aliuzwa Los Angeles mwaka 1988, na wengi walidhani Edmonton imekwisha. Mwaka 1990 Messier, sasa nahodha, alikuta timu yake nyuma kwa michezo miwili kwa mmoja dhidi ya Chicago. Katika mchezo wa nne, ugenini, alifunga mara mbili na kuirudisha timu kwenye njia. Mwaka 1994 Rangers walikuwa nyuma ya New Jersey kwa michezo mitatu kwa miwili. Akawaambia waandishi wa magazeti kwamba watashinda mchezo wa sita. Tarehe 25 Mei walianza kwa kufungwa mabao mawili. Katika kipindi cha tatu akafunga matatu mwenyewe, wakashinda manne kwa mawili. Baadaye, katika mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Vancouver, bao la ushindi lilikuwa lake, na mji wa New York ukapata Kombe ulilolikosa tangu 1940. Hapakuwa na nahodha kabla yake aliyeongoza timu mbili mbalimbali kulitwaa.

Kwa hiyo nasema Messier ni mkubwa zaidi katika mtoano, na sababu yangu si makombe sita, bali ni mambo aliyoyatenda katika mawili ya mwisho. Wala simwandikii Neely upungufu kwa michezo ambayo mwili wake ulimnyima. Kutotenda kwa hiari ni jambo moja, na kuzuiwa ni jambo jingine. Anayeyachanganya huwadhulumu watu wengi mbali ya uwanja wa barafu. Sisi wa vyuoni tuna makombe yetu pia, vyeti na vitabu, nasi hufanya haraka kuyahesabu. Tunapaswa kumpa aliyetenda sifa ya aliyoyatenda, na kumpa aliyekatizwa sifa kamili ya sehemu aliyoifikia, bila kumwongezea kwa huruma wala kumpunguzia kwa kuwa hakufika mwisho. Mabao 57 katika michezo 93 hayakuhitaji huruma yangu.