Kitanda cha ghorofa kutoka Mafinga

Ukitoka Mbeya kwenda Iringa, Mafinga utaijua kwa mbao za paina zilizopangwa kando ya barabara, nyingi zikitoka shamba la miti la Sao Hill. Mwezi uliopita nilishuka hapo kumtafutia dada yangu kitanda cha ghorofa; wanawe watatu wanalala chumba kimoja.

Nikapata kizuri, ila ukingo wa juu ulikuwa mfupi. Godoro la inchi 6 lingeufunika wote.

"Fundi, mtoto ataviringika," nikasema. Akacheka, kisha akaongeza mbao mbili.

Mzazi, pima ukingo godoro likiwa limewekwa, ndipo ulipe. Na mtoto wa chini ya miaka 6 alale chini. Wetu ana minne. Alilia usiku mmoja tu.