Jumatano, Alhamisi na Majina ya Milango

Juma letu lina siku mbili ambazo zote ni "ya tano". Jumatano ni ya tano kwa hesabu ya Kiswahili inayoanzia Jumamosi. Alhamisi ni ya tano kwa hesabu ya Kiarabu inayoanzia Jumapili. Zimekaa jirani wala hazitupotezi, kwa kuwa namba imefifia ndani yake na yamebaki majina tu. Hata hivyo, funzo limo humo: jina lililozaliwa na hesabu huitegemea hesabu hiyo ilipoanzia. Ukibadili mwanzo, tano inakuwa siku nyingine.

Funzo hilo nimelikuta upya, baada ya kustaafu, ndani ya kompyuta. Katika shule moja ya hapa Kondoa ninakokwenda kusaidia maktaba, ipo kompyuta inayozihudumia nyingine zote. Ina kadi mbili za mtandao, nazo ni kama milango miwili: mmoja hutazama nje, kwenye intaneti, mwingine hutazama ndani, kwenye chumba cha wanafunzi. Mfumo wake ni Linux ya zamani. Asubuhi moja, baada ya umeme kukatika usiku na kurudi, wanafunzi hawakupata mtandao, na kanuni za ulinzi zilizowekwa kwa ajili ya mlango wa nje zikawa zinalinda mlango wa ndani. Hakuna aliyegusa waya hata mmoja. Milango ilikuwa pale pale. Majina ndiyo yaliyobadilishana.

Kijana fundi alinieleza sababu. Mifumo ya zamani ilivipa violesura vya mtandao majina kwa zamu ya kugunduliwa: kilichotangulia kuonekana ni eth0, kilichofuata ni eth1. Kompyuta inapowaka, vifaa huamshwa karibu kwa pamoja, na hakuna ahadi kuwa kipi kitaitika kwanza. Ni kama mapacha ambao kila kukicha anayewahi kuamka ndiye anayeitwa Kulwa, na mwenziwe Doto. Mama yao angempa nani dawa?

Mwaka 2013, toleo la 197 la systemd, programu inayosimamia uwashaji wa mifumo mingi ya Linux, lilileta utaratibu mwingine: jina litokane na mahali kifaa kilipo, si zamu yake ya kuamka. Kikapatikana kitu kama enp3s0. Herufi en ni za Ethernet, p3 ni njia namba 3 ndani ya kompyuta, s0 ni nafasi namba 0. Sikio la mshairi halina la kufurahia hapo. Hakuna mizani wala kina. Tena jina hilo si la milele: ukiihamishia kadi kwenye nafasi nyingine, nalo hubadilika. Lakini haliamuliwi tena na bahati ya asubuhi.

Sisi washairi tunapenda neno moja libebe maana nyingi. Kuna kaa la moto, kaa wa pwani, na kaa kitako. Humo tunapata fumbo na utani. Tunaweza kuchezea jina namna hiyo kwa sababu muktadha unatushika mkono. Mashine haina wa kuishika mkono. Hulifuata jina hata linapoipeleka kwenye mlango usio wake. Ndipo nikajiuliza: je, mwanafunzi anao muktadha huo?

Kwa miaka mingi nilipokea kidato cha kwanza watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili. Walikuja na neno usanisinuru, neno linalojifafanua lenyewe: usanisi kwa nuru. Katika sekondari wakakuta neno hilo limeondolewa na la Kiingereza limeketi mahali pake. Jani lilikuwa lile lile, jua lile lile, maji yale yale. Lakini wengi walidhani wanaanza jambo jipya, na baadhi ya waliokuwa hodari darasa la saba wakawa wanyamavu. Hawakuwa wamesahau. Walikuwa wamezimwa na kuwashwa upya, na majina ya milango yao yakawa mengine.

Linux imelifikiria na hilo. Toleo la 5.5 la kiini chake, lililotoka mwaka 2020, linaruhusu kiolesura kimoja kiwe na majina ya ziada juu ya jina la msingi. Kanuni ni nyepesi: jina moja lisielekeze kwenye vitu viwili, lakini kitu kimoja kinaweza kuitikia majina mengi. Hapa kwetu tunaijua kanuni hiyo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maeneo ya Kolo watafiti huyaandika B1, B2 na B3, wenyeji tunasema Mungomi wa Kolo. Hakuna aliyetakiwa kusahau jina moja ndipo apewe jingine.

Hilo ndilo ninalowaombea watoto. Mwalimu aandike majina yote mawili ubaoni, bega kwa bega, juu ya jani lile lile. Jina la Kiingereza liongezwe, usanisinuru usifutwe.