Mji Mkongwe wa Unguja na Mafundi Wake

Mgeni aingiaye Unguja kwa njia ya bahari huona kwanza safu ya majumba marefu ya mawe yaliyosongamana. Wengi hudhani kwamba mji huo uliletwa mzima kutoka Arabuni. Lakini mtu akipita katika vichochoro vyake na kutazama kwa makini, ataona kwamba mataifa mengi yalishiriki kuujenga, na kwamba kipimo chake kilitoka katika mikoko ya pwani ya Afrika.

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa kisiwani. Matumbawe hayo hayo yalirundikwa juu ya magogo na kuchomwa ili kupata chokaa, ambayo ilichanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Dari zilishikwa na boriti za mikoko, nyingi zikiletwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu. Kwa kuwa boriti ndefu mno hupinda kwa uzito, upana wa chumba haukuzidi sana futi 9 au 10. Tajiri aliyetaka chumba kikubwa aliongeza urefu, upana hakuuweza. Ufundi huo ni wa kale: Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa, una maandishi ya mwaka 1107, zaidi ya miaka 700 kabla Seyyid Said hajahamia kutoka Maskati.

Waomani walipokuja walijenga nyumba zenye kuta nene, zisizo na mapambo nje, na ua katikati. Wahindi waliweka duka chini na jamaa juu, wakaongeza roshani za mbao zilizonakshiwa. Kutoka Uajemi ulikuja mtindo wa hamamu, kama ile ya Kidichi iliyojengwa kwa ajili ya mke Mwajemi wa Seyyid Said. Wala haifai kusahau kwamba kazi nzito ya kuchimba na kubeba mawe mara nyingi ilifanywa na watumwa, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Milango nayo hueleza habari hizo. Ule wa mtindo wa Kiarabu una kizingiti kilichonyooka. Ule wa Kihindi mara nyingi una tao juu. Misumari mikubwa ya shaba husemwa kuwa ilianzia India kuwazuia ndovu. Unguja hapana ndovu, basi ikawa pambo. Na mbele ya nyumba nyingi ipo baraza, mahali pa watu wote kuketi na kupeana habari.

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo sifa haizuii mvua. Ukuta wa matumbawe hupumua kwa chokaa. Ukipakwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, na boriti huoza zikiwa zimefichika. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa.

Basi mji huu hautalindwa kwa kusifiwa na wageni, bali kwa vijana kujifunza kuchoma chokaa na kuchagua boriti kwa wazee wanaoijua kazi hiyo. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.