Nyota Kabla ya Adhuhuri

Wahenga walinena kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini aghalabu hutamkwa mtu akisha kufaulu. Ni nadra kuisikia asubuhi yenyewe.

Msimu wa besiboli wa mwaka 2023 ulinikuta Gainesville, Marekani, nikiwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Florida. Wanafunzi wangu ndio walionialika uwanjani. Miongoni mwa wachezaji walikuwamo vijana wawili: Wyatt Langford, mpigaji hodari, na Jac Caglianone, aliyerusha mpira kwa mkono wa kushoto na kuupiga pia, kazi mbili ambazo ni wachache huziweza pamoja. Msimu huo Caglianone aliupiga mpira ukavuka ua wa uwanja mara 33.

Hata hivyo, ninayoyakumbuka zaidi ni mambo madogo: vumbi viatuni, gongo likipasua hewa tupu, vijana wakitaniana kwenye benchi. Karibu nami aliketi mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akiandika daftarini kila mpira uliorushwa. Nilimuuliza kwa nini anawaandika hata wasio na sifa. Alinieleza kwamba mwaka 2021 Langford alipata nafasi nne tu za kupiga. Mwaka uliofuata akavusha mipira 26. Aliyemtazama asubuhi ile asingeiona nyota yoyote.

Julai 2023 Langford aliteuliwa wa nne kitaifa, na Texas Rangers. Mwaka 2024 Caglianone akateuliwa wa sita, na Kansas City Royals. Tangu hapo, kila rafiki yangu wa Gainesville husema alijua mapema. Siwalaumu. Kumbukumbu nayo ni fanani: ikishaujua mwisho wa kisa, huurekebisha mwanzo. Daftari la mzee yule halina uhuru huo.

Wasomaji wapenzi, fikra hii hunirejesha nyumbani. Nilipokuwa katika shahada ya kwanza, tulikuwa na mwenzetu aliyeghani tenzi zake mwenyewe katika mikutano ya chama. Ukumbi ulinyamaza kila aliposimama. Karo ilimshinda, akarudi kwao. Makofi yalikuwa mengi, lakini hakuna ubeti hata mmoja uliobaki kwenye karatasi. Leo nikiulizwa ubora wake ulikuwa wapi, sina ushahidi ila neno langu.

Sisi wanafunzi wa fasihi huhakiki waliokwisha kuchapishwa. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Chama kina daftari la mahudhurio; na kiwe pia na daftari la tungo, liandikwe papo hapo, la anayesifiwa na la anayetetemeka jukwaani. Nani atang'aa hatujui, wala si sharti tujue. Kazi yetu ni kuamka mapema na kalamu mkononi.