Berlin inavyokumbuka

Ukitaka uzuri nenda Paris, waliniambia wenzangu wa darasani. Nilikuwa mwanafunzi Ujerumani, hela ya kuhesabu, basi nauli ikaamua: Berlin.

Kweli si mji wa kupigia picha za kadi. Majengo yake mengi yalibomolewa na vita, yakajengwa upya haraka haraka. Lakini jamani, ule mji unasomeka! Unatembea barabarani unakuta mistari miwili ya mawe imepita katikati ya lami. Hapo ndipo ulipopita Ukuta, toka 1961 hadi 1989. Kwenye njia ya waenda kwa miguu kuna vijiwe vya shaba vya sentimita 10 kwa 10, mbele ya mlango wa nyumba ya mtu. Hapa aliishi fulani, alizaliwa mwaka fulani, akachukuliwa, akauawa. Wengi ni Wayahudi. Ili usome lazima uiname, na ukishainama ni kama umempa heshima yake.

Nikasema sawa, na sisi je? Nikaenda mtaa wa Wilhelmstrasse kutafuta nyumba ya Bismarck, walikokaa wakubwa wa Ulaya kuanzia 15 Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885, wakijadili bara letu bila Mwafrika hata mmoja mezani. Nyumba haipo. Kuna maghorofa ya kuishi watu na kibao cha maelezo. Watu wanapita na mifuko yao ya sokoni. Kesho yake tu baada ya mkutano kufungwa, tarehe 27 Februari, Mfalme wa Ujerumani aliipa kampuni ya Carl Peters hati ya kulinda maeneo iliyodai kuyapata Usagara, Uzigua na Ukami. Ndiye yule babu zetu walimwita Mkono wa Damu.

Huyo Peters alikuwa na barabara yake Berlin, mitaa ya Wedding, jirani na Tangastrasse na Sansibarstrasse. Wanaharakati, Waafrika wa pale wakiwamo, walipiga kelele miaka mingi. Agosti 2024 jina likafutwa, na kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Nilisimama chini ya kile kibao nikakisoma kwa sauti, mama mmoja na mbwa wake wakaniangalia. Nikacheka peke yangu.

Ila furaha ile haikufika mbali. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani 27 Februari 1906. Tarehe ile ile! Familia yake inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wajukuu wamekuwa wakikidai. Rais Steinmeier alifika Songea Novemba 2023, akaomba msamaha, akasema watasaidia kutafuta ila hawezi kuahidi kwamba kitapatikana.

Sisemi Wajerumani hawakumbuki. Wanakumbuka kuliko wengi niliowaona. Lakini mji haukumbuki wenyewe, hukumbushwa na watu wasiochoka kuuliza. Songea kila Februari wanafanya kumbukumbu. Sisi tuliosoma, tunaoshinda mjini na simu mkononi, ni wangapi tunaijua hiyo tarehe? Kama sisi wenyewe hatuulizi, nani wa Berlin atainama kututafutia?