Baridi Haina Hatia

Kachibora asubuhi ni baridi ya ukweli, ile inayoshuka kutoka milima ya Cherang'any kabla ya jua kutoka. Kwa hivyo vidole vya Mama vilipoanza kuvimba, mtaa mzima ulikuwa na jibu: baridi yabisi. Jina lenyewe limeshamhukumu mshukiwa. Vaa sweta, paka mafuta, meza diklofenaki.

Na diklofenaki inasaidia, tusidanganyane. Uvimbe unashuka, Mama anapukuchua mahindi, stori zinarudi. Lakini kumbe si baridi. Ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo vyake yenyewe. Kidonge cha maumivu kinamnyamazisha mbwa tu. Mwizi bado yuko ndani ya nyumba. Tena ukikimeza kila siku, miezi na miezi, kinaweza kukutoboa vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Dawa ya kumkabili mwizi ni nyingine: methotreksati. Mama aliandikiwa ameze mara moja kwa wiki. Si kila siku. Kila siku inaweza kuua. Inataka vipimo vya damu, na wiki kadhaa za subira kabla uone tofauti.

Hiyo subira ndiyo ngumu. Kila Jumapili namshawishi ameze kitu kisichompa nafuu siku hiyo.

"Na wewe unajuaje kinafanya kazi?" ananiuliza.

Sina picha ya vidole ambavyo havijapinda. Namwambia tu, "Mama, tunalinda vya kesho." Anaguna, anameza.