Jicho Kwenye Ukingo wa Kofia

Kansas City, Jumapili usiku

Kaka mpendwa,

Habari za Kiambu, na wifi anaendeleaje na mguu wake? Nimeingia nyumbani saa tatu usiku, nimeoga, nimekunywa chai, na kabla usingizi haujanibeba nataka nikujibu kuhusu ile video uliyonitumia kutoka uwanja wa shabaha wa Kirigiti. Ile aliyokupiga rafiki yako kwa simu, dakika nzima naona mgongo wako na maganda yanaruka. Uliniomba nikutafutie kamera ya kuvaa, inayoona unachokiona wewe ukiwa na bastola mkononi, ukaniambia, "Uko Marekani, huko zimejaa." Zimejaa kweli. Ila sikutaka kukujibu kwa maneno yaliyoandikwa kwenye boksi. Nimezipeleka mbili kwenye mashindano ya jana, ya tatu nikaikuta hukohuko, na nimekaa nazo kutwa.

Niliondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, barabara ya I-70 kuelekea mashariki, peke yangu na redio. Ni kama kilomita 200 mpaka Columbia. Karibu kufika, pale Rocheport, unavuka mto Missouri kwa daraja refu, na kulikuwa na ukungu umelala juu ya maji. Maji yenyewe ni mazito, rangi ya chai ya maziwa. Nikakumbuka tulivyokuwa tunasimama kwenye kivuko cha Likoni asubuhi, baba katushika mikono.

Nimeichagua safari hii pia kwa sababu ya Columbia yenyewe. Hapo ndipo shirikisho la mchezo wako lilipozaliwa, kaka. Mei 1976 walikutana watu kama 40 kutoka nchi mbalimbali, wakaunda IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, na Jeff Cooper akawa rais wa kwanza. Yale maneno matatu ya Kilatini uliyoshona kwenye fulana yako, usahihi, nguvu na kasi, ndiyo shabaha ya mchezo tangu siku hizo. Baadaye jioni nilipita chuo kikuu nikaziona zile nguzo sita zilizosimama peke yazo uwanjani. Jengo lake liliungua 1892, nguzo zikabaki. Nilikaa kwenye nyasi hapo nikiangalia video za mchana, na mengi ninayokuandikia niliyaona nikiwa hapo.

Uwanja wa mashindano uko nje ya mji, katikati ya mashamba ya mahindi. Matuta ya udongo pande tatu, vituo sita, jua kali la kuunguza shingo. Unalipa, unaandikwa kwenye kikosi, mnazunguka pamoja kutwa: mmoja anapiga, mmoja anashika kompyuta ndogo ya alama, waliobaki wanabandika stika kwenye matundu. Hilo halina tofauti na kwenu.

Kamera ya kwanza ilikuwa ya shemeji yako, GoPro HERO12 Black, anayoitumia kwenye baiskeli. Picha yake ni safi sana, siwezi kuisema vibaya. Ina gramu 154. Ukiishika mkononi unaona si kitu, lakini ifunge kichwani kwa mkanda, halafu kimbia hatua tano na ugeuke ghafla. Kichwa kinasimama, kamera bado inataka kuendelea. Mimi nywele nimesuka, mkanda ukawa unateleza kwenye mistari, kila kituo naurudisha. Na jambo ambalo sikulifikiria kabla ni masikio. Mkanda unapita juu ya sikio, na kinga masikio inakaa juu ya mkanda. Pale ulipopita panabaki uwazi mwembamba, na sauti inapenya hapo. Risasi ya kwanza ya jirani ikaniingia kichwani kama msumari. Mlio wa bastola unafika kama desibeli 160, kaka, hiyo si sauti ya kuachia mlango hata wa unene wa utepe. Nikaivua palepale. Ukitaka kamera ya uzito huo, tafuta namna ya kuifunga isiyogusa masikio, la sivyo vaa vizibo vya ndani ya sikio kwanza, kisha kinga juu yake.

Ya pili niliinunua kwa mwenzangu wa kazini, Insta360 GO 3. Hii ni ndogo kama kidole gumba, gramu 35, ina sumaku nyuma, na kuna klipu ya kuibana kwenye ukingo wa kofia. Niliiweka upande wa kulia, juu ya jicho langu la kulia, kwa sababu ndilo ninalolengea. Hapo zingatia: wewe mkono wako ni wa kulia lakini jicho lako kuu ni la kushoto, nakumbuka mwalimu wako alivyohangaika nalo. Yako ibane kushoto. Bastola hupanda mbele ya jicho linalolenga, basi na kamera iwe upande huohuo, ama sivyo utapata video ya mkono na nusu ya mtutu kwenye kona.

Kwenye kituo cha pili nilirekodi mawingu. Niliibana kamera nikiwa nimesimama wima, naongea na watu, ikaonekana imekaa sawa. Lakini ukilenga husimami hivyo. Shingo inabadilika, kidevu kinashuka au kinapanda, kila mtu na tabia yake, na mimi inaonekana huinua uso kidogo. Shabaha zote zikawa chini ya picha, zimekatwa. Mzee mmoja wa kikosini, mstaafu mpole sana, ndiye aliyenionyesha njia, na nakuomba uifuate hivihivi. Fanya nyumbani, siku moja kabla. Bastola tupu, umeikagua mara mbili, na risasi zote ziko chumba kingine. Bandika karatasi ukutani kwa urefu wa kifua cha mtu, simama kama unavyosimama uwanjani, lenga, na mtu mwingine aangalie kwenye simu kamera inaona nini. Sogeza klipu mpaka karatasi ikae katikati. Kisha chora alama kwa kalamu kwenye kofia, na kofia hiyo iwe ya mashindano tu. Uwanjani usijaribu kulenga ovyo ili kupima kamera. Bastola haitoki kwenye ala ila kwa amri ya mwamuzi au kwenye eneo la usalama, na sababu ya kupiga picha haimtoshi mwamuzi yeyote.

Sasa nikuambie kituo cha tatu, maana hicho ndicho kilichonifanya nisiiachie tena kamera hii. Shabaha kumi za kadibodi, risasi mbili kila moja, na sahani nne za chuma. Risasi 24, alama 120 ukipata zote. Unaanzia kushoto nyuma ya ukuta wa neti, unapiga nusu, unabadilisha magazini, unakwenda hatua tano kulia, unamaliza. Nilimaliza kwa sekunde 22.5, nikapata alama 108. Gawanya alama kwa sekunde, ni 4.8. Nikaridhika. Nilijua nimepoteza alama 12 kwa zile C sita, risasi zilizotua nje ya katikati ya shabaha, nikajiambia kazi yangu ni kulenga vizuri zaidi.

Jioni pale kwenye nguzo nikaitazama video. Risasi ya mwisho ya kushoto inatoka. Picha inainama, kwa sababu nimeinamisha kichwa kutazama magazini kiunoni. Mkono wa kushoto unaonekana unaichomoa, inapanda, inaingia. Na chini kabisa ya picha viko viatu vyangu, vile vya buluu. Haviondoki. Naweza kuhesabu punje za kokoto pembeni ya kiatu cha kulia. Nikaisogeza video fremu moja moja na kuhesabu: fremu 45 viatu vimesimama pale pale. Kwa fremu 30 kila sekunde, hiyo ni sekunde moja na nusu nzima. Mimi ningeapa mbele ya mama kwamba nilibadilisha magazini huku natembea, kwa maana ndivyo nilivyopanga na ndivyo nilivyohisi. Ukiitoa ile sekunde moja na nusu, alama zilezile 108 zinagawanywa kwa 21, inakuwa 5.14. C zangu sita ziliniumiza zaidi, lakini hizo nilizijua; viatu vile sikuvijua kabisa.

Mtu aliye nyuma yako na simu angeona umesimama, ni kweli, lakini asingeona macho yako yalikuwa wapi wakati huo. Mimi niliona: magazini ilikwisha kuingia na kichwa bado kiko chini, natazama kitu kilichokwisha kazi. Hapo ndipo miguu iliposubiri. Kamera ya kuvaa inanunuliwa kwa ajili ya hilo, kaka. Kwa hiyo usihangaike na nani ana 4K na nani ana zaidi. Tafuta inayokaa karibu na jicho, isiyocheza, na ambayo baada ya mlio wa kuanzia unasahau kama umeivaa.

Fremu 30 zinatosha kuhesabu miguu na magazini. Ukitaka kuona nafasi kati ya risasi na risasi, tuseme robo sekunde, 30 zinakupa picha saba au nane tu, 60 zinakupa 15. Wewe una kasi kuliko mimi, chukua inayofika 60. Na uzime ule upana mkubwa wa lenzi. Lenzi pana inapendeza baharini, lakini shabaha ya mita 15 inageuka stempu ya posta.

Najua utauliza kuhusu nukta nyekundu ya kioo cha kulengea. Hutaiona, au utaiona kwa bahati. Mwanga wa nukta unaakisiwa na kioo na kurudi kwenye njia nyembamba kuelekea jicho lililo nyuma yake, na kamera ya kwenye kofia iko sentimita kadhaa juu ya njia hiyo. Utaona fremu ya kioo inaruka na kutulia, basi. Hata hivyo hilo lenyewe lina faida: nilijua ni risasi gani nilizipiga kabla kioo hakijatulia.

Sauti nayo isikukatishe tamaa. Kamera hizi husikia mlio wa kwanza zikajifunika masikio, zinazobaki zinasikika kama mbao zinagongana. Lakini ukiifungua video kwenye programu ya kuhariri, kila risasi ni mwiba mrefu kwenye mstari wa sauti, na unaweza kupima umbali wa mwiba na mwiba. Shida ni kituo cha jirani, miiba yao inachanganyika na yenu. Mimi nililinganisha na idadi ya risasi zangu nikazitenga.

Ya tatu ilikuwa ya yule mzee, miwani ya Ray-Ban Meta, iliyotoka 2023, ina kamera kwenye kona ya fremu. Kwa mahali pa jicho hakuna inayoishinda. Ila ni miwani ya kutembelea mjini, haikutengenezwa kwa kazi ya vipande vya risasi vinavyorudi kutoka kwenye chuma. Yeye huivaa akikagua kituo tu, anatembea huku anajisemea mpango wake, kisha anaivua na kuvaa ya kinga yenye alama ya Z87+. Nilimpenda kwa hilo. Tafadhali usibadilishe miwani yako ya kinga kwa kamera yoyote. Ya kifuani sikuijaribu. Mikono ikinyooka mbele inaziba kila kitu.

Neno jingine ni la mkono. Kijana mmoja alimaliza kupiga, na kabla hajairudisha bastola kwenye ala akainua mkono mwingine kugusa kofia aizime kamera. Mwamuzi alimkemea kwa sauti iliyofanya uwanja wote unyamaze. Bahati yake mtutu ulibaki unatazama tuta. Washa kamera kabla hujaitwa mstarini, au mwenzako akuwashie, halafu isahau mpaka usikie kwamba uwanja ni salama. Kupoteza dakika mbili za betri si neno. Na waombe ruhusa wenzako kabla ya kusambaza video yenye nyuso zao, hasa huko kwetu, ambako si kila mwenye leseni anataka ijulikane kwamba ana bastola.

Basi nimeamua hivi. Hii GO 3 naibakiza mimi, nimeshachora alama yake kwenye kofia. Wewe nakutafutia mpya, nayo ndogo ya sumaku, ila yenye fremu 60. Ikiwa haina kadi na inahifadhi ndani yake yenyewe, nachukua yenye nafasi kubwa. Mama anarudi huko Desemba, nitaiweka kwenye mkoba wake wa mkononi, usimwombe abebe kitu kingine chako, kuna viatu vya watoto na dawa zake. Nitaongeza kamba nyembamba ya kuifunga kwenye kofia, kwa sababu jana nilimwona mmoja akiitafuta yake kwenye kokoto, na maganda yote yale yanang'aa.

Ukishaipata, nitumie video moja tu ya kwanza, usiikate wala usiipambe. Nataka kuona unatazama wapi ukibadilisha magazini.

Wasalimie watoto, waambie shangazi yao anawapenda. Wifi mwambie nitampigia Jumatano.

Dada yako